Mke Mwenza wa Chini ya Sakafu

Mara ya kwanza Bilkisi kusikia kitu kikigonga chini ya sakafu ilikuwa saa tatu asubuhi, mikate yake ya kukaanga ikiwa bado kwenye mafuta. Ta, ta, ta. Kimya. Ta, ta, ta. Sauti ilitoka chini ya chumba cha kulala. Hakuogopa hata kidogo, alikasirika. Katika mtaa wao wa Kolwezi nusu ya watu wamechimba kobalti ndani ya nyumba zao, na nusu iliyobaki wamechimbiwa bila kuulizwa. Aliepua karai, akakaza kitenge kiunoni na kwenda kwa jirani kutafuta ugomvi.

"Tata Kanyinda, unachimba chini ya kitanda yangu?"

Mzee Kanyinda alikuwa akinyoa ndevu uani, povu shavu zima. "Nani, mi? Shimo yangu ilijaa mayi toka mwaka jana, mama. Kuya uone."

Bilkisi alienda, akaona. Shimo lilijaa maji hadi mdomoni, ya kijani, yametulia, na chura mmoja juu yake. Hakuna mtu aliyekuwa akichimba humo. Alirudi nyumbani kimyakimya, maana mtu aliyejiandaa kugombana akakosa wa kugombana naye huona aibu. Kugonga kulikuwa kumekoma. Ilikuwa Jumanne, na Alimasi, mumewe, alikuwa ameshaondoka kwenda kwa yule mwanamke.

"Yule mwanamke" alikuwa na jina lake, Mama Florentine, na kazi yake ilikuwa kutibu watu wenye ugonjwa wa akili katika kituo cha afya. Lakini Bilkisi hakutaka kulitia jina hilo mdomoni.

Miaka miwili nyuma, lori la familia lilipokufa injini, Alimasi aliingia kwenye mashimo ya Musonoi kuchimba na rafiki yake Mukalay. Shimo likawafunika wote wawili. Siku ya nne Alimasi alitolewa hai, peke yake, na tangu siku hiyo kulikuwa na sauti iliyozungumza naye. Alifungwa kamba, akapelekwa Lubumbashi, akarudishwa na vidonge. Vidonge viliipunguza sauti, havikuizima. Maalim Sadiki alimsomea wiki tatu mfululizo, kisha mwenyewe akasema, "Dua tutaendelea. Lakini kuna kitu anafunga ndani ya kifua, na mi siko na ufunguo yake. Mumupeleke kwa mama Florentine."

Wapo waliosema kidonda cha mwendawazimu hakiguswi, kikiguswa kitamlipukia. Florentine alikataa. Anayesikia sauti naye ana vidonda, alisema, na vidonda huoshwa, ila taratibu. Kila Jumanne alitandaza kamba sakafuni. Kamba hiyo ndiyo iliyokuwa maisha ya Alimasi, kutoka kuzaliwa hadi leo. Penye jambo jema Alimasi aliweka ua. Penye baya, jiwe. Kisha alisimulia jiwe moja baada ya jingine, mwanzo hadi mwisho, alichokiona, alichokinusa, mkono wake ulikuwa wapi.

Hapo ndipo Bilkisi alipochomwa. Miaka miwili alikuwa amemuuliza mumewe, kwa upole na kwa kubamiza mlango, "Ilikuwa namna gani kule chini?" na Alimasi aliangalia ukuta. Leo mwanamke mwingine, mlango umefungwa, anapewa yote bila hata kupika! Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na kweli kitenge chake kilikuwa kimeanza kumzunguka kiunoni mara mbili na ziada.

Alimasi aliporudi siku ile, Bilkisi alilichukua shati lake na kulinusa kwapani na kwenye kola, akitafuta manukato. Hakuyapata. Alipata harufu ya shimo: udongo mbichi, kutu, jasho lililooza gizani. Mtu ambaye hajakanyaga shimo miaka miwili! Na mfukoni akapata karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa kike, kwa Kifaransa. Bilkisi hakufika mbali shuleni, lakini "Florentine" aliisoma, na siku, na saa. Akaitia kwenye jiko la makaa, akaitazama mpaka ikawa majivu.

Jumanne iliyofuata kulianza tena. Ta, ta, ta.

Wake wa wachimbaji wana sheria mbili, na Bilkisi alizijua zote. Ya kwanza: shimo ni mwanamke, tena mwenye wivu, kwa hiyo mume halali na mkewe usiku wa kuamkia kushuka, na mke hasogei kwenye mdomo wa shimo hata kupeleka chakula. Ya pili: kugonga mara tatu ni mwito wa aliyefukiwa. Anayesikia hujibu mara tatu, ili yule aliye chini ajue hajaachwa. Lakini kugonga kunakotoka mahali ambapo hakuna mwanamume aliyeshuka hakujibiwi kamwe.

Alijua, na hasira ikamshinda. Alichukua mchi wa kinu, akaingia chumbani, akapiga saruji kwa nguvu mara tatu. "Nyamaza!"

Kukanyamaza. Kisha harufu ikapanda kutoka kwenye ufa wa sakafu, ile ile ya shati, na ubaridi ukamshika vifundo vya miguu.

"Yaya," ikasema sauti ya kike, ikimwita dada mkubwa, ya upole, kama mke mdogo anayeomba chumvi kwa mke mkubwa. "Asanti kunijibia. Bwana yetu alikuwa ananijibia zamani. Sasa hapana tena."

"Uko nani?" Bilkisi alinong'ona.

"Mbanda yako. Alinioa kule chini."

Mke mwenza! Mtu mwenye akili angekimbia mpaka barabarani bila viatu. Kwa Bilkisi, hofu na wivu vilipokutana kifuani mwake, wivu ndio ulioachiwa kiti. Ni aibu kusimulia alichouliza.

"Na ule Florentine?"

"Ule anabeba maneno yangu, moja-moja. Imebakia jiwe moja tu. Bwana akimupatia ile, atakuwa wake kabisa, si wako, si wangu. Umufungie mulango, yaya. Mi na wewe tutasikilizana."

Akamfungia. Alificha viatu vyake, na simu ya kituo ilipolia akasema Alimasi ameenda Lubudi kwenye msiba. Jumanne mbili zikapita hivyo. Vidonge alimpa, chakula alimpa, lakini Alimasi aliacha kula. Alikaa kwenye sakafu ya chumba mchana kutwa, sikio kwenye saruji, akitabasamu.

Mchana mmoja, jua la saa saba likiwa kali uani, Bilkisi alisimama nyuma ya pazia na kusikiliza. Alimasi alikuwa akikwangua sakafu. Kucha zilikuwa zimekatika, damu imekauka vidoleni, na kwenye saruji palikuwa na shimo la ukubwa wa bakuli.

"Ndiyo, muzuri yangu," alikuwa akiiambia sakafu. "Ungoje kiloko, kidogo tu. Minakuya."

Muzuri yangu! Neno hilo Bilkisi alikuwa hajaambiwa tangu mwaka wa harusi. Akaelewa kwamba mwenzake wa chini hakuwa na nia ya kugawana. Alikuwa akimvuta mume wote, mwili na roho, ukucha kwa ukucha. Tusimpe Bilkisi sifa asizostahili. Kilichomkimbiza kwenye simu hakikuwa huruma. Ulikuwa ni wivu uleule, umegeuza uso tu.

Florentine alifika kwa pikipiki, kamba yake begani, na suruali imejaa vumbi jekundu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bilkisi, aliyekuwa amemchora kichwani miezi yote hiyo, alipungukiwa hata na la kuchukia.

"Mama Bilkisi, juu ya nini haukukuya? Nilikutumia barua. Alimasi aliniomba: ile jiwe ya mwisho hataki kuisema kama hauko."

Bilkisi alikumbuka majivu ya karatasi ile jikoni, akamfungulia mlango wa chumba.

Waliketi watatu kwenye sakafu ya chumba, dirisha wazi. Florentine alitandaza kamba, akaweka jiwe mkononi mwa Alimasi. "Leo tuko fasi gani, tata? Niambie kwanza bitu unaona hapa."

"Kitanda. Dirisha. Mama Bilkisi," alisema Alimasi kwa shida.

"Muzuri. Sasa tushuke, polepole. Mi niko hapa."

Akashuka. Alisimulia giza, na maji yanayodondoka, na Mukalay upande wa pili wa jiwe akigonga mara tatu, naye akijibu mara tatu, siku ya kwanza na ya pili, na chini ya sakafu kukaanza kugonga, polepole, ta, ta, ta, naye hakunyamaza, akasimulia jinsi mwanamke alivyokuja gizani na harufu yake, akamtilia maji mdomoni kwa kiganja baridi na kumuuliza, na kugonga kukawa kwa haraka, vikombe vikaanguka rafuni, kitanda kikasogea chenyewe kuelekea ukutani, na Florentine akazidi kuuliza, "Alikuuliza nini, tata? Mukono yako ilikuwa wapi?"

"Kwa jiwe. Nilikuwa namujibia Mukalay. Akaniuliza, 'Uko na nani kule yulu, kwenye jua?'" Alimasi alilia kwa sauti. "Shimo haipende bibi ya mutu. Nilitaka kuishi. Nikasema, 'Sina mutu.' Akasema, 'Basi uko wangu, na ule usimujibie tena.' Nikatosha mukono kwa jiwe, nikaivuta. Mukalay aligonga mupaka siku ya tatu. Nilimusikia. Sikumujibia!"

Sakafu ilipasuka kutoka mlangoni hadi dirishani. Harufu ikajaa chumbani mpaka Bilkisi akashindwa kupumua.

"Na leo?" Florentine alipaza sauti. "Mukono yako iko wapi leo?"

Alimasi alitazama chini. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mkewe. "Iko kwa bibi yangu. Niko na bibi. Jina yake Bilkisi."

Pumzi ndefu ilipita ndani ya ufa, na kukawa kimya. Alimasi aliliweka jiwe kwenye kamba, akalala palepale mpaka jioni.

Baada ya hapo alianza kupona. Vidonge hakuviacha, lakini alikula, akapata kibarua cha kupakia malori, akaenda kwa mama yake Mukalay kulia naye. Siku moja Florentine alimwuliza Bilkisi langoni, "Na wewe, mama? Hauna kitu ya kusema?" Bilkisi hakuwa amemwambia mtu kwamba yeye aliujibu mwito wa chini. "Hapana, niko muzuri," alisema. Lakini kifuani mlikuwa na maneno mawili yaliyomla mchana na usiku. Sina mutu. Aliivumilia miaka miwili ya kumfunga na kumlisha Alimasi, na kumbe alikuwa ameshakanwa kabla hata hajaanza.

Alasiri moja Alimasi alikuwa uani, akicheka na Mzee Kanyinda. "Mama Bilkisi, kuya uone!" aliita.

Bilkisi alikuwa jikoni, mikono yote miwili ndani ya unga. Unga ukawa baridi. Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye beseni, na mtu akamwuliza sikioni, bila hasira, kama wanawake wanavyoulizana, "Na wewe, yaya, uko na nani huku yulu?"

Mumewe alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Jina lake lilikuwa rahisi kulitamka. Lakini Bilkisi aliwaza kwamba naye Alimasi aliulizwa hivyohivyo, na alivyojibu. Na acha naye aonje.

"Sina mutu," akasema.

Alimasi aliita tena, na mara ya tatu akaita akiwa ameanza kuingiwa na wasiwasi. Bilkisi alimsikia. Hakumjibu.