Alama Saba za Nta

Kwanza yalikuwa maziwa. Mama Hilaria, aliyekuwa akiosha madumu katika kiwanda kidogo cha maziwa cha Filemon kule Marangu, alijimiminia kikombe chake cha asubuhi, akakiweka dirishani kipoe, na maziwa yakaanza kucheza. Viduara vyembamba vilitoka katikati ya kikombe vikaenda ukingoni, kimoja, halafu kingine, kama vile mtu mzito anapita karibu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Hapakuwa na mtambo hata mmoja uliokuwa ukizunguka. Mama Hilaria alikitazama kile kikombe mpaka ukungu ukaingia dirishani, kisha akayamwaga maziwa nje bila kuyaonja.

Wiki tatu baadaye wafanyakazi wawili walikuwa wameacha kazi, na Filemon akampigia simu mdogo wake.

Theodora aliishi Rau, huko Moshi mjini, na kazi yake ilikuwa kupima mtetemo. Wenye viwanda walimwita mashine ilipoanza kutikisika vibaya, au ukuta ulipopasuka na hakuna aliyejua sababu. Alibandika vihisi vyake, vitu vidogo mfano wa vizibo vya soda, akaviunga kwa nyaya na kompyuta, na programu ikamchorea kila mtikisiko kwa mstari. Beringi iliyochoka ilikuwa na mchoro wake, nati iliyolegea ilikuwa na wake, na msingi wa nyumba unaotitia vilevile. Aliisoma ile mistari kama mwingine anavyotambua sauti za majirani zake.

Kaka alipoita, alikwenda. Filemon alimzidi miaka kumi na mmoja. Baba yao alipofariki, Filemon aliacha shule akabaki kihambani na migomba na kahawa ili mdogo wake asome chuo cha ufundi, na katika miaka yote hiyo hakumkumbusha hata siku moja. Wala hakuwahi kumwomba kitu. Kwa hiyo Theodora aliahirisha kazi za watu wawili na kufunga sanduku lake siku hiyohiyo.

Alimkuta kaka yake amekonda. Filemon aliitikia shikamoo huku akitazama pembeni, akaeleza kwamba binti yake Doris, mtoto wa miaka tisa, amelazwa, mama yake yuko naye hospitalini, mwili wote unamtetemeka na madaktari hawaoni ugonjwa. Theodora alitaka wakamwone kwanza. Filemon akakataa. Apime kwanza, alisema, hospitali watakwenda jioni.

Kisha akampa karatasi. Alikuwa amelichora jengo kwa mkono wake na kuweka alama saba zenye namba, mahali alipotaka vihisi vikae. Theodora alicheka kidogo, akamweleza kwamba kazi haifanywi hivyo, kwamba ile alama ya tatu, kwa mfano, iko juu ya mlango wa stoo ambako hakuna mtambo wala nguzo. Filemon hakubadili neno. Akamkabidhi na kopo la nta ya nyuki, nyeusi, akidai inashika kuliko ya dukani. Mafundi wa kazi ile hubandika vihisi kwa nta, kwa hiyo hilo halikumshangaza. Ila harufu yake ilimkera, harufu ya nywele zilizolowa na ubani uliokaa sana.

"Bandika mwenyewe," Filemon alimwambia. "Kwa mkono wako. Usimpe mwingine."

Akabandika, akilizunguka jengo kuanzia namba moja hadi namba saba. Namba saba ilikuwa ukutani mwa ofisi, nyuma ya kiti alichowekewa akalie.

Mitambo ilipowashwa, hakuona kasoro. Kompresa ya kupozea ilikuwa nzima, pampu nazo nzima. Ndipo akaomba kila kitu kizimwe na watu wote watoke nje, kwa sababu alitaka kuliona jengo lenyewe likiwa kimya. Mistari ilipaswa kulala. Haikulala. Mmoja ulikuwa ukiinuka na kushuka, polepole, mara moja kila baada ya sekunde moja na kidogo. Alifikiria mfongo, ule mfereji wa maji unaopita nyuma ya kiwanda. Alipokwenda kuutazama, ulikuwa mkavu. Zamu ya maji siku ile ilikuwa ya watu wa juu. Alifikiria malori, lakini barabara ya lami ilikuwa mbali. Akarudi ofisini, akajifunika mtandio mabegani kwa ile baridi ya Julai, akakaa tena mbele ya kompyuta.

Safari hii aliona kwamba mtikisiko hautoki mahali pamoja. Ulianzia kwenye kihisi cha kwanza, ukakua, ukafifia, na ulipofifia pale ukaanza kwenye cha pili, kama mtu atembeaye kando ya ukuta akiwa na mguu mmoja mzima na mwingine wa kuburuta. Ulipofika cha tatu, juu ya mlango wa stoo, ile harufu ya nywele zilizolowa iliingia ofisini kabla ya kitu chochote kingine, na Theodora akaelewa bila kuambiwa na mtu kwamba kile kinachotembea kinazifuata alama kwa mpangilio uleule aliozifuata yeye, kwamba kila alipoweka kidole chake na kukandamiza nta ndipo kinaposimama kidogo kabla ya kuendelea, cha nne, cha tano, na alipotaka kunyanyuka akimbie miguu yake haikumsikia, akabaki amekodolea macho kioo cha kompyuta huku mstari wa sita ukipanda na kushuka upande wa pili wa mlango, na kisha wa saba, nyuma ya kisogo chake, ukapanda ukapanda mpaka ukatoka nje ya mchoro, na meza haikutikisika, wala kikombe cha chai kilichokuwa juu yake; kilichokuwa kikitikisika ni yeye.

Halafu mistari yote saba ikalala kwa pamoja.

Nje, simu ya Filemon iliita. Theodora alimsikia akiongea, kisha akilia. Mtetemo umemwacha Doris. Amekaa kitandani, ameomba uji. Theodora aliposikia hivyo alipata nguvu za kusimama, akatoka na mikono ameinyoosha amkumbatie kaka yake, na Filemon akarudi nyuma hatua mbili ili asimguse.

Alidhani ni machozi tu. Akarudi ndani kubandua vihisi, na huko akamkuta Mama Hilaria amesimama karibu na madumu yake.

"Mwanangu, vyote saba umevibandika mwenyewe?" Mama Hilaria alimuuliza kwa kunong'ona.

Theodora akasema ndiyo. Yule mama akakaa juu ya dumu, akamsimulia. Miaka miwili iliyopita Filemon alitaka kupanua kiwanda, akaifukia chemchemi iliyokuwa pale ilipo stoo, ingawa wazee walimwambia ina mwenyewe. Mwenyewe huyo alikaa kimya hadi mwaka huu, kisha akaanza kutembea ndani ya kuta akitafuta mahali pa kukaa, na alipopakosa akamwingia mtoto. Wiki iliyopita Filemon alileta mganga kutoka Himo. Walilizunguka jengo pamoja, wakasimama mahali saba, na Mama Hilaria akiwa anaosha madumu alisikia masharti: kama si mtoto, basi mwingine wa damu moja naye, na huyo alizunguke jengo kwa miguu yake, aweke nta kwa mkono wake, tena asijue anachofanya.

"Nilikuona asubuhi unabandika," alisema. "Nikanyamaza. Watoto wangu wanakula kwa huyu kaka yako."

Theodora alimkuta Filemon amejibanza katikati ya mibuni. Hakukana. Alisema kwamba mganga ndiye aliyekataza asiambiwe, kwamba alikuwa hana njia nyingine.

"Aliyesema ni mganga," Theodora alimjibu. "Aliyenipa nta ni wewe."

"Ni mtoto, Thea. Ningekuomba, ungekubali?"

"Hukuniuliza."

"Ungekubali?"

"Pengine ningekubali. Nampenda Doris. Sasa hatutajua kamwe, mimi wala wewe."

Alifunga sanduku lake akashuka Moshi bila kupita hospitali. Mchungaji wa usharika wake alimwombea mara tatu, na mara zote tatu vioo vya madirisha ya kanisa vililia kwenye fremu zake mpaka sala ikakatika. Mwishowe alikwenda Himo kwa yuleyule mganga. Mganga alimpokea vizuri, akamwambia kwamba jambo lenyewe ni jepesi: kitu kile kinakumbuka kilikotoka, alitamke tu jina la mtoto mara tatu, kitarudi. Theodora alikaa kwenye mkeka muda mrefu, amefumba midomo. Kisha akaaga.

Kazi zilimwishia. Kila mtambo alioukaribia ulionyesha mstari uleule wa mtu mwenye mguu wa kuburuta, na wenye viwanda wakasema vyombo vyake vimeharibika, wakatafuta fundi mwingine. Filemon alipopiga simu, Theodora hakupokea. Doris alipopiga alipokea, akamsikiliza akisimulia mambo ya shule, na alipoulizwa, "Shangazi, unakuja lini?" alisema kazi zimemzidi.

Desemba Wachagga walianza kurudi nyumbani kwa Krismasi kutoka kila pembe ya nchi, barabara ya kwenda Marangu ikajaa magari. Theodora hakwenda. Alijifungia chumbani kwake Rau, ili asikipeleke kitu kile karibu na mtoto.

Siku ya pili ya sikukuu, mchana, jirani yake Mektrida aligonga mlango akiwa na mafungu mawili ya nyama iliyochomwa, yamefungwa kwa majani ya mgomba.

"Kaka yako kaleta," alisema. "Nimemwambia upo, hakutaka hata kuvuka geti. Hili kubwa ni fungu lako la dada. Na hili jingine kasema ni la mgeni wako, wala halikutiwa chumvi, usije ukalichanganya."

Mektrida alichungulia ndani, hakuona mgeni, akatabasamu kwa adabu na kuondoka. Theodora alifunga mlango. Alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba pepo hawali chumvi. Akaelewa kwamba kaka yake hakuja kumwomba msamaha. Alikuja kukilisha, kisije kikapata njaa kikakumbuka nyumbani.

Aliyaweka mafungu yote mawili sakafuni, akakusudia kuyatupa. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kufungua majani, taratibu, ukitetemeka, na haukuanza na fungu lile kubwa.