Kipete Kilichopinda

Wimbi lililoizima injini lilipita juu ya boti, likaondoka na kapu la chakula, makasia yote mawili na kisanduku cha chambo bandia ambacho fundi saa alikuwa amekikumbatia safari nzima kama mtoto mchanga.

Kesho yake bahari ilitulia. Maji ya mvua yalikuwepo, nusu dumu. Chakula hakikuwepo, wala nchi kavu haikuonekana upande wowote. Fundi saa aliegemea ubavu wa boti, kiganja kilichochanwa na injini kimefungwa kwa mtandio wa mkewe. Midomo ilikuwa imempauka. Mke hakuipenda rangi ile hata kidogo.

"Mama watoto, angalia mfukoni mwangu."

Mke akatoa chambo kimoja, samaki wa mbao, mrefu kama kidole, anayeng'aa kwa rangi ya buluu.

"Huyu si yule anayeogelea kama mlevi?"

"Ndiye aliyebaki."

Mke akamfunga kwenye mshipi, akamburuta kando ya boti. Samaki akakata kushoto, akalala ubavu. Alikuwa hivyo tangu siku alipogonga mwamba. Fundi alimpaka rangi upya, tabaka juu ya tabaka, lakini kipete cha puani, pale mshipi unapofungwa, hakukigusa.

"Ukampodoa badala ya kumnyoosha."

"Alipendeza."

"Tutakufa tumependeza, baba watoto."

Mume akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi. "Anavuta kushoto. Basi kipete kipinde kulia. Mimi vidole havikunjiki."

Mke akakibana kipete kwenye meno ya ufunguo wa nyumba, akakaza. Huyu alikuwa mwanamke wa kufunga bomba mpaka likatike. Samaki akaruka kulia.

"Umempiga kofi," mume akasema. "Mguse tu. Kama unavyoninyooshea kola."

Kila asubuhi, mlangoni, aliinyoosha ile kola kwa vidole viwili huku akimgombeza kwa jambo jingine. Akavuta pumzi, akakirudisha kipete kwa mkono uleule wa mlangoni. Akamtia samaki majini. Samaki akaja moja kwa moja, mkia ukitikisika.

"Sasa ndoana."

Akazinoa kwenye jiwe la nanga mpaka ncha zikakwama kwenye ukucha wake. Kisha akarusha, akavuta. Akarusha tena, na tena, mpaka mabega yakawaka moto. Jua lilikuwa utosini mshipi ulipokaza ghafla na kumkata viganja. Hakuachia.

Alimpandisha botini samaki mnene, wa kweli, akamkata vipande vyembamba, akamsogezea mumewe kimoja mdomoni.

"Mbichi?"

"Ngoja nikuwashie jiko. Kula."

Akala. Uhai ukamrudia machoni. Mke akageuza uso, akajishughulisha kutupa matumbo ya samaki baharini.

Ndege mmoja akashuka, kisha wengine, mpaka wakawa wingu zima linalopiga kelele juu ya boti. Na wavuvi, popote walipo, huwafuata ndege. Mashua iliyokuja mbio kutafuta kundi la samaki iliwakuta wazee wawili na mifupa.

Nahodha aliwapa maji, akawafunika blanketi. Alipokuwa akiivuta boti yao, akamwona samaki wa mbao, akamgeuza mkononi.

"Kipete kimepinda hiki, mama. Nikunyooshee?"

Mke akamnyang'anya, akamrudisha mfukoni mwa mumewe aliyesinzia begani kwake.

"Kiache kilivyo," akasema, akiiweka sawa kola iliyoganda chumvi. "Huyu nimeshamzoea."