Pumzi Kwenye Kioo cha Abiria

Kilichoanza ni kioo. Dulustan alikuwa peke yake ndani ya lori, magunia ya unga ameshayashusha, anarudi nyumbani juu ya mto ulioganda, barabara yetu ya majira ya baridi. Lakini kioo cha upande wa abiria kilikuwa kimejaa barafu kwa ndani. Na kule kwetu hata mtoto mdogo anajua barafu ya ndani inatoka wapi. Inatoka kwenye pumzi za mtu.

Kwenye mgahawa wa njiani, dereva mwenzake Afonya alikuwa ameshaiona.

"Umembeba nani wewe?" alimcheka huku akipuliza supu yake ya nyama ya farasi. "Kunney kakuzalia mtoto juzi tu, hata hujamwona, nawe ushaokota mrembo!"

"Sina mtu, bwana."

"Basi huyo asiye mtu ana mapafu ya fahali. Kioo chote!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Dulustan hakucheka. Alikumbuka asubuhi, pale mto unapokata kona. Mtu alikuwa amesimama kando, kavaa koti la manyoya, mkono juu. Kwenye baridi ile mtu hapitwi, hata awe adui yako. Basi alisimama, akafungua mlango. Hakuingia mtu, iliingia baridi tu, na harufu ya samaki aliyeoza chini ya maji. Akafunga, akaondoka, akijiambia ni macho yamechoka.

Bibi Ogdo, mwenye mgahawa, alimvuta jikoni. Bibi huyu alijua kusema na moto. Alitupa ndani kipande cha chapati na singa za mkia wa farasi. Moto ukalala chini, kimya, kama mbwa aliyeona kitu.

"Mwanangu," alinong'ona, "huyo hakutaka kupanda. Anataka kushuka. Kwako, kwa mtoto."

"Mfukuze, bibi, nakuomba."

"Moto umemkataa. Mimi nina nini zaidi ya moto?" Machozi yalimtoka. "Wala siwezi kukulaza hapa, wajukuu zangu wako nyuma ya ukuta huu. Nenda. Usimpishe usukani."

"Basi nyumbani sifiki," alisema Dulustan. "Nitakipita kijiji chetu, niende mbele mpaka mafuta yaishe. Afadhali nigande mimi."

Akaondoka. Jua likazama mapema kama kawaida ya majira yale, na barafu ikaanza kutambaa kutoka kile kioo, ikashika mlango, ikashika kiti, na chini ya ngurumo ya injini akasikia mtu akivuta pumzi, taratibu, kama anayekunywa, na kila pumzi ile ilipovutwa, yake yeye ikapungua, na kope zikawa nzito, na vidole vikalegea kwenye usukani, naye akajikaza, akaita jina la Kunney, akaita tena, na sauti ikamtoka upande wa kiti cha abiria.

Kunney alisikia lori likiingia uani. Alikimbilia dirishani, mtoto mikononi, furaha imemjaa. Kisha injini ikazimwa.

 Majira ya baridi injini haizimwi kwetu, haizimwi hata dereva akilala. Ikishapoa, haiwaki tena mpaka theluji iyeyuke.

"Kunney, fungua. Nataka kumshika mwanangu." Sauti ilikuwa ya mumewe.

"Mbona umezima lori?"

"Nimeshafika."

Alisimama chini ya taa ya mlangoni. Mdomo ulifunguka ukafungika, na mvuke haukutoka. Hata kidogo. Nyuma yake, kioo cha dereva kilikuwa safi, bila barafu hata chembe. Kile cha abiria kilikuwa kimeganda chote, ila tundu moja dogo ambalo mtu alikuwa akilisugua kwa ndani. Kwenye tundu kulikuwa na jicho. Kunney alilijua jicho lile. Tundu lilikuwa likiziba upesi kuliko lilivyosuguliwa.

Kati yake na lori alisimama yule. Kunney alimbana mtoto kifuani, asifungue. Alilia jina la mumewe mpaka tundu likaziba.

Asubuhi Afonya na wenzake walivunja mlango wa lori. Hapakuwa na mtu. Nyayo zilikuwa zimezunguka nyumba, zikarudi mtoni.

Sasa ni kiangazi, mbu wamejaa, na lori lingali uani. Kioo cha abiria hakijayeyuka. Kila asubuhi Kunney hutoka na mtoto mgongoni, akakipangusa kwa nje kwa kiganja. Na kwa ndani, polepole, kidole kimoja hupangusa pamoja naye.