Mashine katika Chumba cha Eda

Tangu mzee Shuaibu azikwe, nyumba yake ya Mapinga haikukosa wageni. Wanawake walikuja kumliwaza mjane wake, Bi Hajra, aliyekaa eda katika chumba cha ndani. Mwanawe, Ashrafu, aliwapokea wanaume barazani, kisha akarejea kuuza madafu yake kando ya barabara ya Bagamoyo.

Ashrafu alikuwa na siri. Alinunua mashine ya kuchimba sarafu za mtandao. Uchimbaji huo hauna jembe. Mashine hufanya hesabu ngumu usiku na mchana, na anayetangulia kupata jibu hulipwa sarafu isiyoshikika kwa mkono. Kwa kuwaogopa mahasidi, aliificha mahali ambapo mgeni mwanamume asingeingia: chumbani kwa mama yake, chini ya shuka nene la marehemu, dirisha limefungwa.

"Inavuma kama nyuki, mwanangu," Bi Hajra alilalamika.

"Vumilia, mama. Itatutoa hii."

Siku moja baada ya adhuhuri, jirani yao Kuruthumu, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi, alileta uji. Alipofika ukumbini alinusa plastiki inayoungua. Moshi ulipenya chini ya mlango wa mjane.

"Ashrafu! Mna nini humu?"

Ashrafu alikuja mbio na ndoo ya maji.

"Weka chini! Maji na umeme havipatani. Zima swichi kuu!"

Akaizima. Kuruthumu akausukuma mlango. Bi Hajra alikuwa kitandani akikohoa, tasbihi mkononi.

"Toka, mama!"

"Nimo edani, mwanangu. Nje wako wanaume."

"Eda haimfungi mtu motoni. Dharura ina hukumu yake."

Akamfunika ushungi, akamtoa uani. Ashrafu akamwaga mchanga juu ya shuka mpaka moshi ukafa.

Kikohozi kilipotulia, Bi Hajra alisema, "Nami nilidhani ubani umeungua."

Hakuna aliyecheka.

"Nani alikufundisha kazi hii?" Kuruthumu aliuliza.

"Hakuna, dada. Muuzaji alisema chipu yake inapangika, nichomeke tu."

"Inapangika, kweli. Wakumbuka ubao wa chuo cha Kurani? Uliandika sura kwa wino, ukauosha, ukaandika nyingine. Chipu hii ni ubao huo. Hufanya kazi ile inayoandikiwa. Wewe umenunua ubao, na kuandika hujui."

"Nianzie wapi?"

"Alifu, kisha be. Tafuta kibao kidogo cha kujifunzia, chenye chipu kama hii, kinachotosheka na umeme wa kompyuta. Kiandikie kuwasha taa moja. Ukiweza, kiandikie hesabu ndogo. Kabla ya kuchimba, pima umeme unaoliwa, uulinganishe na sarafu inayopatikana, nayo bei yake hupanda na kushuka. Uliza sheria ya nchi. Waulize na wanazuoni. Tena mashine ikae penye hewa, mbali na kitanda na nguo, wala isifunikwe. Na upepo wetu wa pwani una chumvi, hula shaba."

"Na mahasidi je?" Bi Hajra aliuliza.

Ashrafu aliinamisha kichwa. "Hasidi hakufika, mama. Aliyefunga dirisha ni mimi."

Kila jioni akawa anakwenda kwa Kuruthumu kujifunza. Alipopiga hesabu, aliona kuwa mashine, hata ikitengenezwa, ingekula umeme wa gharama kubwa kuliko sarafu ambazo ingezalisha. Akaiacha. Lakini kuandika kibao alikuwa amekwisha kujua, na wakulima wa bustani walimwita awatengenezee kifaa cha kuzima pampu tangi linapojaa.

Eda ilipokwisha, Bi Hajra alioga, akajitia manukato, akatoka ukumbini. Mezani, chini ya dirisha lililo wazi, taa ndogo ya kibao ilikuwa ikiwaka na kuzimika.

"Hiyo nayo inachimba nini?"

"Haichimbi, mama. Inasoma alifu."

Bi Hajra akaketi karibu nayo. Akalikunjua shuka la marehemu, akaanza kukata palipoungua ili apashone upya.

"Basi isome," alisema. "Bismillahi."