Nukta katika Daftari la Ribaundi

Haya nimeyasikia kwa Kemilembe mwenyewe, binti wa mpwa wangu Lwakatare. Alinisimulia mwaka jana mwezi wa saba, tulipokuwa tunaanika kahawa uani kwangu Kamachumu. Alianza kusema huku ameinama anachagua punje mbovu, na alipomaliza jamvi zima lilikuwa safi. Nikamwuliza kama naweza kuwaandikia wenzake wa shuleni. Akafikiri, akasema, "Andika, bibi. Jina langu usilifiche."

Basi Kemilembe alikuwa darasa la sita, akiishi Kashai mjini Bukoba na baba yake. Mama yake alikuwa muuguzi Mwanza na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kila asubuhi Kemilembe alifagia ua, akachota maji bombani, akavaa sare na kwenda shule. Akirudi alipika. Lakini siku ya mechi hakupika, kwa sababu siku hiyo alikuwa na kazi kubwa kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule.

Baba yake alikuwa kocha wa Korongo, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu. Ilikuwa timu ya kulipwa, ingawa malipo yenyewe yalikuwa kiduchu. Msimu ule walicheza mechi kumi na nane wakashinda nne. Wahuni wa bodaboda walikaa ukutani kuwazomea: "Korongo gani hawa wasioruka? Hawa kuku!"

Kazi ya Kemilembe ilikuwa kuhesabu ribaundi. Mpira ukigonga ubao au ringi ukakosa kuingia, mchezaji akaruka na kuudaka, hiyo ni ribaundi, na Kemilembe alichora mstari mmoja chini ya jina lake. Waamuzi waliandika vikapu tu. Daftari la ribaundi lilikuwa la Kemilembe peke yake, na baba yake aliliamini kuliko macho yake.

"Macho yangu yana upendeleo," alizoea kusema. "Daftari halina rafiki."

Lakini mwenye kalamu alikuwa naye, jina lake Shadya. Alipanga chumba katika ua uleule. Jioni alimsuka Kemilembe nywele mlangoni, akamfundisha kulenga kikapu kwa ndoo iliyotoboka, akamwita "meneja wangu." Shadya alicheza chini ya ringi, mahali pa watu warefu. Mwenzake wa nafasi hiyo alikuwa Elieth wa Ijumbi, kule Muleba, msichana mrefu mwenye maneno machache. Mechi ikiisha Elieth alifunga mkoba wake akawahi gari la Muleba, na Kemilembe hakumjua zaidi ya hapo.

Katika mechi ya saba mikono miwili ilipanda juu kwa pamoja, wa Shadya na wa Elieth. Kemilembe hakuona vizuri nani aliushika mpira kwanza. Akampa Shadya mstari. Mechi iliyofuata aliona vizuri kwamba ni Elieth, na bado akampa Shadya. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kemilembe alikuwa amefundishwa katekisimu, na katekista alisema dhambi hutajwa pamoja na idadi yake. Kwa hiyo kila alipochora mstari wa uongo aliweka nukta ndogo pembeni, ili siku ya kuungama asikosee hesabu. Jumamosi ya kuungama ilifika, akasema kichwa kinamuuma. Ikafika nyingine. Msimu ukaisha, nukta zikiwa arobaini na moja.

Mwezi wa mapumziko ulipoanza, uongozi ulimwita kocha. Mfadhili alikuwa amepunguza mkono, kwa hiyo wachezaji kumi na wawili wabaki tisa. Wawili waliondoka wenyewe, mmoja kuolewa na mwingine kusoma. Akabaki mmoja wa kuachwa, na chini ya ringi walikuwa wawili.

Baba alikaa mezani na daftari siku nzima ya Ijumaa. Kemilembe alikuwa akimenya ndizi.

"Shadya mia moja thelathini na moja," baba alisema. "Elieth tisini na sita. Ajabu. Ningeapa kwamba Elieth ndiye. Unaona sasa kwa nini siyaamini macho yangu?"

"Tata," Kemilembe alimwita baba yake kwa Kihaya.

"Sema."

"Ndizi zinatosha?"

"Zinatosha, mama."

Kesho yake wakafunga safari ya Ijumbi. Kocha Lwakatare hakumwacha mchezaji kwa simu. Alisema mtu aliyekutolea jasho msimu mzima unamfuata kwake ukamtazame usoni. Alimpigia Elieth simu ya maneno mawili tu: "Nakuja nyumbani." Akamwambia Kemilembe abebe daftari, Elieth alisome mwenyewe asije akadhani ameonewa.

Walipoingia njia ya mgombani walisikia vicheko. Mama yake Elieth, Ma Gaudiosa, alitoka nje mbio, akapiga magoti kusalimu, nguo yake ya kanisani imepigwa pasi. Ndani alikuwa ametandaza nyasi mbichi sakafuni kama siku ya Noeli. Majirani watatu walikaa juu ya mikeka. Fulana ya Korongo, namba nane, ilining'inia ukutani karibu na picha ya Bikira Maria.

"Karibu waitu, ndugu yetu, karibu mwalimu!" Ma Gaudiosa alisema, akamletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. "Nilimwambia Elieth, kocha anapokuja mwenyewe mpaka kwako, hilo ni jambo jema. Mtu wa kukufukuza atakuja kupiga hodi kwako? Si atakutumia ujumbe!"

Majirani wakacheka. "Na mkataba huu uwe wa miaka miwili, kocha," mmoja alisema. "Mama huyu ametuchosha kwa kumsifu mwanawe."

Kocha alichukua punje moja ya kahawa, akaishika tu. Chakula kikaja: ndizi zilizopikwa na maharage, na jogoo aliyechinjwa kwa ajili yao. Baba alikula kidogo sana. Kemilembe hakula.

Vyombo vilipoondolewa, kocha alisema. Hakuzunguka. Alisema nafasi ni moja, timu imepungua, na hesabu imemwangukia Elieth. Jirani mmoja alijisogeza, nyasi zikalia chini ya miguu yake.

Elieth hakulia. Alisema tu, "Naomba nione."

Kemilembe akampa daftari. Elieth alifungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine, akarudi nyuma. Aliyakazia macho majina kama mtu anayetafuta nyumba yake akaikuta imehama.

"Mechi ya kumi na moja nimeandikiwa nne," alisema taratibu.

"Nne?" Ma Gaudiosa aliuliza. "Siku ile ya mvua? Si uliniambia kumi na mbili?"

"Nilikuambia, mama."

"Na ile ya Pasaka, uliniambia kumi na tano. Pale ni ngapi?"

Elieth aliutafuta ukurasa. "Saba."

Ma Gaudiosa alitazama majirani, kisha fulana iliyo ukutani. Sauti yake ikawa ndogo. "Elieth, mwanangu. Kila Jumapili nilikuwa nawaambia watu hizo namba zako. Nje ya kanisa nilizitaja. Ulikuwa unanidanganya?"

"Sikukudanganya, mama."

"Sasa huyu mtoto aliyeandika amedanganya? Mtoto mdogo hivi, ana faida gani? Hana hata sababu!" Akainuka, akaifikia ile fulana akaanza kuishusha, lakini kitanzi hakikutoka kwenye msumari.

Hapo ndipo Kemilembe aliposimama. Aliniambia kwamba miguu ilisimama kabla yake.

"Usiitoe," alisema. "Mimi ndiye niliyedanganya. Dada Elieth alisema kweli. Hizo nukta ndogo, kila penye nukta ni yake, nilimpa dada Shadya. Ziko arobaini na moja."

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Elieth alishika daftari karibu na macho, akaanza kuhesabu nukta kwa kidole, midomo ikitikisika. Alipofika mwisho machozi yakamtoka, yale aliyoyazuia tangu mwanzo. Ma Gaudiosa akaketi palepale kwenye nyasi na kumvuta binti yake kifuani. "Nisamehe, mwana wange," alisema. "Nisamehe. Nilikushuku mbele za watu."

Kemilembe akapiga magoti mbele yao. "Nisameheni."

"Nimesikia," Elieth alisema. Hakusema amesamehe. Hilo lilikuja baadaye, miezi mingi mbele, na hakuna wa kumlaumu.

Kocha naye alisimama. "Elieth, nafasi ni yako. Makosa ni ya nyumba yangu na mbele ya watu hawa nayakubali. Jumatatu njoo usaini."

Walipofika Kashai jua lilikuwa bado juu. Baba alikaa mezani na kalamu nyekundu, akahamisha kila mstari wenye nukta. Kemilembe alisimama karibu yake akingoja kupigwa. Badala yake aliona kalamu ikipunguza mwendo, kisha ikasimama kabisa.

"Njoo utazame," baba alisema. "Mechi sita za kwanza Shadya ana kumi, tisa, kumi na moja. Ya saba, sita. Kisha nne. Tatu. Hii ya mwisho, moja." Akaweka kalamu chini. "Hakuanguka hivi kwa uvivu. Huyu alikuwa mgonjwa."

Akaenda kumgongea Shadya mlangoni. Mazungumzo yao hayakuwa marefu. Shadya alikunja suruali, na goti lilikuwa limevimba kama embe.

"Tangu lini?" baba aliuliza.

"Mechi ya saba, kocha. Niliogopa ukijua utanikalisha benchi." Akamtazama Kemilembe. "Nilikuwa nasikia namba zangu zikisomwa. Nilijua si zangu. Nikanyamaza, maana zilinisitiri."

Jumatatu kocha alimpeleka hospitali. Daktari alimtazama goti, akauliza limeanza lini, akatikisa kichwa. Angekuja mwanzoni, alisema, mapumziko ya wiki sita yangetosha. Sasa ni mwaka mzima bila kuruka, na baada ya huo mwaka hakutoa ahadi.

Kwa hiyo jina la Shadya ndilo lililofutwa. Shangazi yake Mwamvita, mshona nguo kule Muleba mjini, alisema aje akae naye, atamfundisha cherehani. Alhamisi Shadya alikuwa amefunga vitu vyake, kitanda ameshauza, akaombwa alale kwa akina Kemilembe usiku mmoja aliobakiza.

Jioni ile baba alimwita Kemilembe, wakakaa ngazini watatu.

"Nilikuwa nakusubiri utulie ndipo niseme," alianza. "Kemilembe, ulidhani unampa Shadya zawadi. Ulichukua jasho la mtu mwingine ukaliandika jina lake. Elieth karibu apoteze kazi, na kibaya zaidi, karibu apoteze imani ya mama yake. Hilo umeliona kwa macho yako. Lakini liko la pili. Kama daftari lingesema kweli, mimi ningeona kwenye mechi ya nane kwamba goti la Shadya linauma. Ningempumzisha. Leo angekuwa mchezaji. Uongo wako ulimfunika mgonjwa akaonekana mzima."

"Tata, mimi nilimpenda," Kemilembe alisema, sauti imekatika.

"Najua. Ndiyo maana nakuambia. Mtu unayempenda mwandikie namba zake za kweli, hata zikiwa ndogo, ili watu wajue anapoumia. Na wewe Shadya, mwanangu, ukiumia sema. Goti halijui kuficha siri."

"Nimekosa, kocha," Shadya alisema.

"Mimi pia nimekosa. Niliacha kutazama kwa macho nikamtwika mtoto kazi ya mtu mzima." Akampa Kemilembe daftari. "Msimu ujao utakaa nalo tena, lakini Judica, msaidizi wangu, atakaa kando yako na la kwake. Mtalinganisha. Na Jumamosi hii kichwa kikiuma, utakwenda kuungama nacho hivyohivyo."

Wakala, baba akaenda kulala mapema, kwani alikuwa hajapata usingizi wiki nzima.

Shadya alitandika mkeka, akamketisha Kemilembe mbele yake, akamwegemeza kwenye goti lile lisilouma. Akamfumua nywele, akaanza kumsuka.

"Nani atanisuka sasa?" Kemilembe aliuliza.

"Muleba si mbali, meneja. Utakuja likizo na kichwa chako hiki kigumu."

"Goti litapona?"

Shadya alisuka mstari mzima kabla ya kujibu. "Sijui," alisema. "Unaona? Nakuambia ukweli."

Mkono wake ukawa mzito. Mistari mitatu ilikuwa haijasukwa Kemilembe aliposikia kitana kikianguka mkekani. Shadya alikuwa amelala akiwa ameegemea ukuta. Kemilembe alimlaza polepole, akaweka mto chini ya goti lile lililovimba kama daktari alivyoagiza, akamfunika kanga. Chumba cha pili baba alikuwa akikoroma. Yeye akajinyoosha kando ya Shadya, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akasali, akataja arobaini na moja, akalia kidogo. Kisha naye akalala.