Ndoo Mbili na Nusu za Samadi

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, mimi na mama mdogo tulikuwa katika shamba la chuo kikuu. Mimi nilipima mihindi kwa rula ndefu ya mbao na kutaja namba, yeye akaziandika kwenye daftari. Nyumbani wananiita Chiriku kwa sababu sijui kunyamaza, lakini wakati wa kupima mama mdogo hakutaka porojo.

"Namba tu," alisema. "Habari za shoga zako utanipa tukimaliza."

Shamba lilikuwa na vipande kumi na viwili vya majaribio. Vinne vilipandwa mahindi na kunde, na kutiwa samadi. Vinne vilikuwa na mahindi na kunde tu. Vinne vilivyobaki vilikuwa na mahindi peke yake, bila kunde wala samadi, ili tofauti ionekane. Hayo yalitia huruma, membamba na ya manjano. Na kimoja kati ya hivyo, kipande cha saba, kibaya kuliko vyote, kilikuwa kando ya uzio, pale pale tunapopita kwenda shule.

Mama mdogo alikuwa na shahada, lakini kwa miaka mitatu alifanya kazi pale kwa mikataba ya miezi michache michache. Sasa chuo kilikuwa kimetangaza nafasi moja ya mtafiti wa kilimo kisichochosha ardhi, naye ameitwa kwenye usaili akaeleze matokeo ya vipande vile. Nyumba nzima tulikuwa tukimwombea.

Siku moja tukitoka shule, mwenzangu wa dawati moja alichungulia uzio.

"Ala! Haya ndiyo mahindi ya mama yako mdogo mtaalamu? Mbona yana utapiamlo?"

Wote walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilijua kwa nini yako vile, na ningeweza kueleza. Lakini niliona haya, nikasema, "Hayo si yake."

Kesho yake nilichota samadi kwenye ghala la shamba, nikaitia katika kipande cha saba. Mlinzi alinipungia mkono akidhani nimetumwa. Nilitia ndoo mbili na nusu, kwa kuwa ya tatu ilinishinda kubeba ikijaa.

Mvua ikanyesha. Baada ya wiki tatu, mahindi ya kipande cha saba yalikuwa ya kijani, yameyapita mengine ya aina yake kwa mbali. Mama mdogo alinifanya nipime mara mbili.

"Kuna mtu amegusa hapa?"

"Sijui. Labda ni mvua."

"Mvua gani hiyo inayochagua kipande kimoja?"

Hakunishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Jioni alikaa mezani na daftari lake, anapiga hesabu, anafuta, anapiga tena. "Labda nilikosea kugawa vipande tangu mwanzo," alimwambia mama. "Watasema sijui kazi." Nilikuwa nimekaa hapo hapo nakula. Mtu mzima alikuwa anajilaumu kwa kosa langu, na mimi nimejikausha.

Asubuhi ya usaili nilimkuta akipiga pasi blauzi yake. Nikapiga moyo konde.

"Mama mdogo, ni mimi."

Nilimweleza yote, hata yale maneno ya "si yake". Aliisimamisha pasi. Akachukua daftari lake.

"Siku gani hasa? Kiasi gani?" aliuliza. Nikamjibu, akaandika. "Vaa viatu. Tunakwenda wote."

Nilingoja nje kwenye benchi hadi nilipoitwa ndani. Wasaili walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama wa makamo aliyepandisha miwani juu ya paji la uso, alinitazama.

"Wewe ndiye uliyetia samadi?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Ndoo mbili na nusu."

Msaili mmoja alikohoa kuficha kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanayacheka. Niliona haya."

Mwenyekiti akamgeukia mama mdogo. "Sasa utafanyaje?"

"Nimekitoa kipande hicho kwenye hesabu, na nimeandika sababu. Vitatu vilivyobaki vya aina yake bado vinaonyesha tofauti, ila sitadai uhakika niliokuwa nao mwanzo."

Wiki iliyofuata barua ilikuja: nafasi ameipata. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilijificha jikoni, mama mdogo akanifuata.

"Bado naona aibu," nilisema.

"Ione tu, haitakuua. Lakini ujue kosa lako liko wapi. Mkulima akiyatazama mahindi yale mabaya, anajifunza kwamba ardhi isiporudishiwa chakula inachoka. Yalikuwa yanasema kweli. Wewe ukayavika nguo ya kuazima, yakaanza kusema uongo, na mimi nilikuwa karibu kuupeleka uongo huo kwa watu wanaotegemea shamba wapate kula." Akanishika bega. "Kitu kibaya kikiwa cha kweli, mwanangu, hakina aibu. Aibu ni kukipaka rangi, halafu ukamwacha mwenzako ajilaumu."