Kibao cha Sajini kwenye Ukuta wa Fundi

"Kwenye ukuta wangu? Labda mnizike mimi kwanza!" alifoka mama mmoja fundi cherehani, mkasi ukiwa bado mkononi. "Nendeni mkakipigilie kwenu!"

"Ukuta wako ndio pekee unaotazama bomba," alijibu muuza mkaa, jirani yake wa mlango wa pili. "Tungekuwa na mwingine, nani angekuja kukubembeleza wewe na mdomo huo?"

"Mdomo wangu unakula kwako?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya maji. Ndoo na madumu yalikuwa kwenye mstari tangu alfajiri. Siku nyingine watu huziacha ndoo zao pale wakarudi majumbani, lakini leo hakuna aliyeondoka. Ugomvi ulikuwa umenoga, na kila mtu alitaka kuusikia kwa masikio yake, asije akasimuliwa.

Kilichogombaniwa ni kibao cha chuma, kipana kama sinia, kilichoegemezwa kwenye bomba. Kiliandikwa: SAJINI WETU. ALILITUMIKIA JESHI MIAKA ISHIRINI NA MIWILI. ALITULETEA MAJI. Saa nne wanajeshi wastaafu waliotumika naye wangefika kukipigia saluti, na mpaka saa hiyo kibao hakikuwa na pa kukaa.

Sajini alikuwa amefariki mwezi mmoja uliopita. Alipoteza vidole vitatu vya mguu vitani akijenga daraja. Alipostaafu, badala ya kukaa barazani kuhesabu magari, alishika sururu. Aliwatoa watu majumbani kwa filimbi, wakachimba mtaro wa bomba kutoka barabara kuu kwa wiki sita. Wavivu walimchukia. Maji yalipotoka, waruka foleni nao wakamchukia, maana yeye ndiye aliyeweka sheria ya bomba: ndoo yako ni wewe. Ikishakaa kwenye mstari, hakuna wa kuigusa, hata kama mwenyewe amelala fofofo kwake.

"Sheria!" fundi alicheka kwa dharau. "Mwenyewe aliivunja! Mwaka jana mama yangu mgonjwa, hawezi kuinuka. Nikaweka madumu yangu mawili mbele kabisa, nikaenda kumgeuza kitandani. Narudi, madumu yako nyuma kule na maji yamekatika. Siku tatu namfuta mama yangu kwa kitambaa kikavu! Halafu nimtundike ukutani?"

"Mume wangu hakugusa ndoo ya mtu," alisema mjane wa Sajini, aliyesimama karibu na kibao.

"Alionekana! Shahidi huyu hapa. Chiriku, hebu njoo! Si wewe uliyeniambia?"

Macho yote yakamgeukia msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa amekalia ndoo yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo.

Alikumbuka vizuri. Siku ile alikuwa amechelewa mtihani. Aliyasukuma madumu ya fundi nyuma, akaweka ndoo yake mbele, akachota. Aliporudi kutoka shule alimkuta fundi bado anafoka bombani akiuliza nani kayagusa, na uongo ukamtoka wenyewe: "Sajini." Naye Sajini alikuwa amesimama palepale. Hakubisha. Baadaye alimwita pembeni.

"Nimekusikia," alimwambia. "Mimi nimefokewa na makanali, fundi hatanimaliza. Lakini nenda ukamwambie mwenyewe. Sitakusemea."

Kila siku ya maji Chiriku alijiambia atasema kesho. Kesho zikapita, Sajini akafa.

"Sema, mtoto!" fundi alimhimiza. "Wakusikie."

Mjane hakungoja. Aliinama, akakiokota kibao na kukifunika kwa khanga. "Basi. Nakirudisha nyumbani. Wenzake wakija, waambieni mtaa umemkataa."

Chiriku aliruka kutoka kwenye ndoo. "Mama, usiende! Ni mimi! Mimi ndiye niliyeyasogeza madumu. Sajini hakugusa kitu. Nilimsingizia."

Mstari mzima ulilipuka.

"Lo! Kitoto hiki!" muuza mkaa alishika kichwa.

"Mwaka mzima!" fundi alimsogelea Chiriku. "Mwaka mzima simsalimii mtu wa watu! Hata mazikoni sikwenda, kwa ajili ya ulimi wako!"

"Usimmalizie mtoto hasira zote, nyingine jibakizie," mjane alimkata. "Siku ile ulikuta dumu la maji mlangoni kwako. Ukalimwaga mbele ya watu."

"Nilijua anajikosha."

"Lilikuwa la kwetu. Hatukuwa na jingine."

Fundi aligeuka. Akaingia ndani. Watu walidhani ndiyo kwaheri, mara akatoka na kigoda, nyundo na misumari.

"Kilete hicho kibao," alisema kwa ukali. "Na wewe muuza mkaa, unajua kupigilia, au unajua kupiga domo tu?"

Saa nne wastaafu watano walifika, mmoja akitembea kwa magongo. Walijipanga mbele ya ukuta, wakapiga saluti. Hata wale waliomchukia Sajini kwa filimbi yake walisimama wima kando ya ndoo zao.

Wageni walipoondoka, fundi alimshika Chiriku bega. "Kila siku ya maji utalinda mstari huu mpaka shule zifungwe. Na ole wako uguse ndoo ya mtu! Sikiliza, mwanangu. Kibao ni chuma tu. Mtu aliyetutumikia tunamheshimu kwanza kwa kusema kweli juu yake, akiwa hai na akiwa amekufa. Wewe ulisema uongo. Mimi niliubeba bila kumuuliza mwenyewe hata neno moja. Tumemkosea wote wawili."

"Nisamehe, mama. Na wewe, mama Sajini, nisamehe."

"Nimekusikia," mjane alisema, akaanza kujifunga khanga aondoke.

"Unakwenda wapi, dada?" fundi alimzuia. "Chakula kimeiva. Ingia." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe mwongo, unanitolea macho ya nini? Nawa mikono uje ule."